Mama Mkwe wa Plastiki

Mtaala huu mpya wa shule utatumaliza sisi wazazi. Binti yangu alikuwa na miaka tisa wakati huo, na kila Alhamisi jioni simu ikilia mlio wa kundi la wazazi nilikuwa najua kazi imeingia. Leta maganda ya mayai. Leta chupa tupu kumi. Tengeneza sanamu ya kufukuza ndege shambani, na mimi shamba sina, napanga vyumba viwili Manyatta. Safari hii mwalimu wa darasa aliandika kwamba kila mtoto, akisaidiwa na mzazi, atengeneze filamu fupi kwa vitu vya kuchezea. Unavipanga, unapiga picha, unavisogeza kidogo, unapiga tena, halafu simu inaziunganisha picha zote na vitu vinaonekana vinatembea vyenyewe. Isipungue nusu dakika. Ifike Jumatatu. Mada: Familia Yangu.

Mimi ni fundi wa sofa. Kibanda changu kiko ukingoni mwa soko la Kibuye, na mikono yangu imezoea nyundo, sponji na vitambaa vizito, si vijitu vya plastiki vya urefu wa kidole gumba. Ningelalamikia hilo tu kama wazazi wengine walivyolalamika, na ningeishia hapo. Lakini ile mada ilinikaa kooni. Familia yetu ilikuwa watu wanne: mimi, binti yangu, mke wangu aliyekuwa nchi za Ghuba akifanya kazi za ndani katika nyumba ya watu, na mama yake, aliyekuwa akiishi Otonglo na kuuza mboga kando ya barabara. Mama mkwe wangu alikuwa ameshakufa na kuzikwa, yapata mwezi mmoja na nusu. Mke wangu hakujua.

Najua unavyoniangalia. Wacha nieleze. Mama mkwe alianguka pale pale kwenye mboga zake, presha ikiwa imepanda, akapelekwa hospitali, na siku ya pili akatutoka. Tukiwa bado kwenye benchi la hospitali, kaka mkubwa wa mke wangu akasema, "Dada asiambiwe." Hakuna aliyebisha. Kulikuwa na mwanamke tunayemjua, naye alikuwa huko huko Ghuba, aliyepigiwa simu kuambiwa baba yake amefariki. Alipiga mayowe, akaacha kula, akaacha kazi, mwenye nyumba akamnyang'anya simu, na watu wake wakakaa miezi bila kusikia sauti yake. Mke wangu alikuwa amebakiza miezi minane ya mkataba, na pasipoti yake ilikuwa kabatini kwa bosi wake. Akiambiwa atafanya nini? Atalilia bega la nani? Hayo ndiyo yaliyosemwa pale kwenye benchi, na yalikuwa maneno ya maana. Ila niseme ukweli wangu: nilikubali upesi mno. Nilifurahi kwamba si mimi nitakayemwambia.

Shemeji alipiga marufuku picha pia. Watu wetu wakienda mazishini simu ziko juu kuanzia asubuhi, na saa hiyo hiyo mtu aliye ng'ambo anaona jeneza kabla hata halijatua. Kwa hiyo alisimama mbele ya waombolezaji akawaomba kila mmoja aweke simu mfukoni. Wakatii. Mama wa watu akazikwa kwa mumewe, huko upande wa Sondu, bila picha hata moja.

Na mtoto? Mtoto nilimketisha siku ile ile ya kifo, kwenye sofa la mteja ambalo sikuwa nimemaliza kulivika kitambaa. Nikamwambia Mama asijue. Asiambiwe kwa mdomo, asiandikiwe, asijue hata kidogo mpaka arudi. Aliniuliza kama hata Mama akiuliza mwenyewe. Nikasema hata akiuliza. Akawa anachomoa uzi kwenye ukingo wa sofa, nami nikamwacha auchomoe.

Mke wangu hupewa simu yake Ijumaa, kuanzia mchana. Kila Ijumaa swali la kwanza lilikuwa habari zetu na la pili lilikuwa mama yake. Nipe Mama. Nikasema amelala. Ijumaa iliyofuata nikasema simu yake imeingia maji. Nyingine nikasema ameenda kwa dada yake. Akaanza kunitumia ujumbe wa sauti ili nimsikilizishe, kwa Kijaluo. Mimi ni Mluhya na Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini nilielewa vya kutosha: goti linaendeleaje, asibebe maji, nimemnunulia kitambaa cha kichwa cha kijani. Nilikuwa nasikiliza nikiwa kibandani, simu nimeibana sikioni, halafu najibu kwa niaba ya maiti. Anasema asante. Anasema goti lina nafuu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema. Sasa anayeficha kifo chenyewe ataumbuliwa na nini? Nilijiuliza hivyo siku moja nikacheka peke yangu, na kile kicheko kilinitia hofu.

Basi ndiyo hali tuliyokuwa nayo mwalimu alipotuletea Familia Yangu.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Kibuye upande wa mitumba, kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vilivyotumika. Matofali ya plastiki anayo kwenye gunia, anakupimia kwa mkebe. Huchagui. Ila binti yangu alichuchumaa, akampamba yule mama kwa maneno mpaka akaruhusiwa kuingiza mkono guniani kutafuta vijitu. Alitoka na vinne. Mmoja alikuwa na kofia ya polisi, mmoja alikuwa mdogo wa nywele za manjano, mmoja alikuwa mwanamke mwenye tabasamu, na mmoja alikuwa na upara na mkono mmoja wa ndoana.

"Wewe ndiye huyu polisi," akaniambia njiani.

"Mimi nimekuwa polisi lini?"

"Unapenda kuuliza uliza."

Alikuwa hajanitania tangu mazishi, na nilitaka aendelee.

Tulipanga kazi yetu kwenye meza ya kulia, chini ya dirisha. Alijenga nyumba yenye mlango unaofunguka, ukuta wa rangi zote kwa sababu mkebe ulitupa rangi zote, na lango. Simu tuliifunga kwa mpira kwenye mkebe wa majani ya chai uliojazwa mchanga, ili isitingishike. Tulikubaliana hivi: mimi nasogeza, yeye anabonyeza. Picha kumi zinatoa sekunde moja. Nilipopiga hesabu ya nusu dakika nikasikia mgongo unauma kabla hatujaanza.

Kazi hii inataka subira ya mtu mwingine kabisa. Picha ya kwanza ilikuwa na kiganja changu. Ya pili ilikuwa na kivuli cha kichwa changu. Nilipopumua mlango wa nyumba ukajifunga. Jua likasogea, ukuta wa chumba uliokuwa mweupe nyuma yake ukawa wa kahawia, na polisi wangu akaonekana ametembea kutoka asubuhi hadi magharibi kwa hatua mbili. Halafu jirani akaanza kutwanga, meza ikatetemeka, na mimi hasira zikanipanda, nikapiga meza kwa kiganja. Nyumba ikaanguka, na lango, na ukuta.

Binti yangu aliangalia yale matofali, kisha akaniangalia mimi. "Baba, ukikasirika tunaanza upya," akasema, kama mtu anayemweleza mteja bei.

Tukaanza upya. Na taratibu kazi ikakubali. Mpira mdogo aliokata kutoka kwenye sponji yangu ulibingirika kutoka langoni hadi mlangoni, kwa picha thelathini, na tulipouangalia kwenye simu ulibingirika kweli. Mtoto alicheka mpaka akajishika tumbo. Nikasahau kila kitu kwa muda huo, na nilijisikia mtu mwema.

Ndipo nilipohesabu watu. Polisi alikuwepo. Yule mdogo wa nywele za manjano, yaani yeye mwenyewe, alikuwepo. Mwanamke mwenye tabasamu alikuwa amewekwa ndani ya fremu ya matofali meusi juu ya paa, kwa sababu Mama anaonekana kwa simu.

"Na Dani?" nikauliza. Dani ni nyanya kwa Kijaluo, na ndivyo alivyomwita.

"Dani alikufa, Baba."

"Najua. Mweke. Mama ataiona filamu hii."

Alikishika kile kijitu chenye upara, akakizungusha zungusha. "Nimweke akifanya nini?"

"Akae tu nje, anachambua mboga. Ni familia yako, si ni familia yako? Mweke."

Nilisikia sauti yangu ilivyokuwa, ile ya kumfokea mtu anayeuliza swali la haki. Alikata kipande cha kitambaa cha sofa, akamfunga kichwani, ndoana akaificha nyuma, akamketisha juu ya tofali karibu na lango. Na nikwambie, alifanana naye. Nilitazama pembeni.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu Maragoli na kwao Ujaluo tunatofautiana mengi, lakini hili tumelikubali pamoja: mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hampeani mikono. Hamli meza moja. Mama mkwe halali chini ya paa lako, na wewe huingii chumbani kwake hata nyumba ikiungua. Kwa miaka kumi na mmoja niliongea na mama yule nikiwa nimesimama langoni kwake Otonglo, uso wangu umeelekea barabarani, naye akinijibu kutoka nyuma ya pazia, "Karibu, Bwana," na kunitumia chai kwa mtoto. Nilimpenda sana. Aliponilelea binti yangu kila likizo baada ya mke wangu kuondoka, hakuwahi kunifanya nijione nimeshindwa. Lakini ukiniuliza macho yake yalikuwa na rangi gani, sijui. Hata alipokufa, waliofika karibu na mwili walikuwa wanawe. Mimi nilikuwa mkwe.

Sasa tukaendelea na picha. Mkono wangu ulikwenda kwa polisi, ukamsogeza. Ukaenda kwa mtoto, ukamsogeza. Ukafika kwa yule bibi wa plastiki, ukarudi wenyewe. Nilijiambia, mzee, ni plastiki, imetoka guniani. Nikajaribu tena. Vidole vikakataa kabisa, na nikaona haya mbele ya mtoto wa miaka tisa.

"Dani ni wako," nikamwambia. "Wewe ndiye utakayemshughulikia."

"Sawa," akasema.

Nikadhani yameisha. Tulipiga picha Jumamosi yote na Jumapili baada ya kanisa mpaka mvua ya ziwani ilipotutia giza. Mimi nilisogeza wangu, naye kila mara aliinama upande wa lango kabla ya kubonyeza, nami sikufuatilia alichofanya huko. Nilikuwa nimeshazoea kutotazama upande ule.

Ilitoka sekunde arobaini. Polisi anatoka nyumbani, anapita langoni kwenda kazini. Mtoto anapiga mpira. Mpira unapita karibu na bibi na kugonga ukuta. Mwanamke aliye kwenye simu anapunga mkono. Polisi anarudi, mlango unafunguka, mtoto anamkimbilia. Niliiangalia mara tatu, na naapa, mara zote tatu macho yangu yalimruka bibi. Nikaituma kwenye kundi la wazazi, vidole gumba vikamiminika, mwalimu akaandika kazi nzuri.

Halafu nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenilazimisha. Nikaituma kwa mke wangu, na chini yake nikaandika: "Familia yako hiyo. Mama naye yumo, anakusalimu."

Wiki ile nilifanya kazi vizuri kuliko wiki nyingi zilizotangulia. Nilijiona nimepata dawa. Kama atauliza tena habari za mama yake, ameshamwona, amekaa langoni na mboga zake. Akili ya mwongo ni ya ajabu, inafika mahali inajidanganya yenyewe kwanza.

Ijumaa mchana nilikuwa nimepiga magoti kibandani, misumari mdomoni, simu ikalia. Mke wangu akiwa na amani huniita kwa jina la mtoto, Baba Fulani. Siku ile alisema, "Wewe."

Nikatema misumari.

"Nimeiangalia hiyo filamu tangu nipewe simu," akasema. "Nani alikuwa anasogeza watu?"

"Mimi."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Mama alikuwa anasogezwa na nani?"

"Na mtoto."

Nilisikia maji yakitiririka upande wake, kama mtu amefungua bomba ili asisikike na watu wa nyumba.

"Mama hajasogea," akasema. "Wewe umetoka umerudi, yeye hajasogea. Mpira umempita mguuni, hajasogea. Hata mkono. Kila mtu kwenye hiyo filamu anasogea, hata mimi niliye kwa simu nasogea. Mama yangu hajawahi kukaa sekunde arobaini bila kusogea tangu nizaliwe. Mama yuko?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwepo tele: ni mchezo wa mtoto, alichoka, alisahau. Nilikuwa fundi wa maneno hayo kwa wiki nyingi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale kwenye vipande vya sponji.

"Hayuko," nikasema.

"Tangu lini?"

Nikamwambia siku. Akaniuliza tulizika lini. Nikamwambia, Ijumaa ya wiki iliyofuata.

"Saa ngapi?"

"Saa nane."

"Saa nane Ijumaa hiyo tulikuwa tunaongea," akasema polepole. "Nilikupigia. Nilisikia watu wanaimba. Nikakuuliza ni nini, ukasema kuna mkutano wa injili hapo karibu."

"Ndiyo."

"Nikakwambia wanaimba vizuri."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mayowe. Kila mtu pale kwenye benchi la hospitali alikuwa ameogopa mayowe, na mimi nilikuwa nimeyasubiri wiki zote zile. Hakulia. Alisema anaitwa na bosi wake, akakata.

Nilifunga kibanda nikaenda kumsubiri mtoto langoni mwa shule. Njia nzima nilikuwa namlaumu yeye, ndiyo, yeye, mtoto. Nilipomwona sikumngoja hata avue begi.

"Kwa nini hukumsogeza Dani?"

"Ulisema nimweke," akasema. "Hukusema nimtembeze."

"Nilisema umshughulikie."

"Nilimshughulikia. Nilikuwa namshikilia asianguke." Kisha akaniangalia kama vile mimi ndiye mtoto. "Baba, amekufa. Atatembeaje?"

Nilishikwa na hasira, halafu hasira zikakosa pa kwenda. Tulitembea hadi nyumbani. Jioni ile shemeji alinipigia, dada yake ameshampigia yeye pia, akaniambia nimeshindwa hata kufunga mdomo kama mwanaume. Nikamwambia mdomo niliufunga. Akaniuliza basi alijuaje.

Ijumaa iliyofuata hakunipigia. Aliandika ujumbe mmoja, ukaingia saa sita: "Hakuna hata picha moja ya mama yangu akizikwa. Mlihakikisha. Mtoto alikuwepo, aliona. Anitengenezee mazishi, kila kitu, asiruke kitu. Na wewe ndiye utakayesogeza. Mama pia. Umsogeze wewe."

Sikumwambia habari za mila. Yeye ni Mjaluo, anazijua kuliko mimi, na alijua anachoniomba.

Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo fupi. Tulifanya kazi Jumamosi, Jumapili na Jumatatu. Binti yangu alichukua uongozi wote. Nyumba ya Dani huku, jikoni huku, migomba kule, hema la wageni, hema la wakwe. Vijitu havikutosha, kwa hiyo waombolezaji walikuwa vifuniko vya soda, na kila kifuniko alikijua: huyu ni mjomba, huyu ni mchungaji, hawa ni wamama wa soko la Otonglo, walikodi gari wakaja wote na vitenge vya kufanana. Jeneza tulilijenga kwa matofali ya kahawia, nikalivika ndani kitambaa cheupe, kazi ninayoijua, nikakipiga mshono vizuri zaidi ya ilivyohitajika.

Halafu akanipa bibi.

Nilimshika. Ni kitu chepesi sana. Nilimshika kwa vidole viwili, begani, na nikaomba radhi kwa sauti, na binti yangu hakucheka. Nilimlaza. Picha. Nikalisogeza jeneza kidogo. Picha. Kutoka nyumbani hadi kaburini kulikuwa na urefu wa mkono wangu, na ilichukua asubuhi nzima. Kila hatua alinirekebisha. Hapa walisimama, Baba. Hapa mjomba alianguka, wakamwinua. Hapa mchungaji aliongea sana. Mimi nilisogeza watu kwenye mazishi niliyohudhuria na nikawa nauliza kila kitu, kama mgeni.

"Na mimi nilikuwa wapi?" nikauliza.

Alimchukua polisi, akamtoa kwenye hema la wakwe, akampeleka nyuma ya jikoni, akamgeuza uso kwenye migomba. "Hapa. Ulikuwa unaongea na simu."

Tulimwacha hapo. Alikaa hapo filamu nzima.

Tuliituma Jumatatu jioni. Kwa siku nne ilibaki na alama moja ya kijivu, haijamfikia. Ijumaa alasiri simu ikalia, na nilipopokea alisema niweke sauti wazi ili mtoto asikie. Nikaiweka mezani, kati ya vifuniko vya soda ambavyo tulikuwa hatujavitoa. Sauti yake ilikuwa imekauka. Alimshukuru mtoto, akamwambia amefanya kazi nzuri, akamuuliza mambo madogo madogo: wamama wa Otonglo walivaa kitenge cha rangi gani, nani alishika msalaba. Mtoto alijibu yote. Nilianza kufikiri labda tutapona.

Ndipo akauliza, "Kwenye udongo nimewaona wajomba, nimekuona wewe, mwanangu. Kila mtoto wa Mama amerusha. Nani alinirushia wangu?"

Kwao kila mtoto wa marehemu hutupa kiganja cha udongo kaburini, na aliye mbali hurushiwa na mwingine kwa niaba yake. Hilo hufanyika hata kama hakuna anayelitaja. Mimi sikujua jibu. Nilikuwa nyuma ya jikoni. Nikamtazama binti yangu.

"Mama anauliza, nani alimrushia udongo wake?"

Alikuwa anakizungusha kifuniko kimoja kwa kidole.

"Mjomba aliniambia nirushe wangu," akasema. "Nikachota na wa Mama, kwa mkono huu mwingine. Halafu nikaurudisha chini."

"Kwa nini uliurudisha?"

"Ulisema asijue hata kidogo."

Simu ilikuwa hapo mezani, sauti iko wazi, na mke wangu alikuwa bado yuko kwenye laini.